Tempranillo: kwa nini chupa mbili za zabibu moja hazifanani

Swali. Dada mmoja wa Arusha ameandika: "Nimezoea mvinyo mwekundu wa Dodoma na wa Afrika Kusini. Hivi karibuni nilinunua chupa mbili za Hispania. Ya kwanza, Rioja Reserva, ilikuwa laini, rangi imeanza kuelekea ya tofali, ina harufu ya vanila na ngozi. Ya pili, Ribera del Duero, ilikuwa nyeusi, nzito, na ikaniachia ukakasi mdomoni. Muuzaji anasema zote mbili ni Tempranillo. Inawezekanaje? Zabibu hii yenyewe ina ladha gani, na kwa nini Wahispania wanaithamini hivyo? Na je, nikiongeza pesa nikanunua Gran Reserva, nitapata kilicho bora zaidi?"

Jibu. Dada yangu, muuzaji hakukudanganya. Zabibu ni ile ile, na ulimi wako nao haukukosea: hiyo ni mivinyo miwili tofauti kabisa. Vanila uliyoinusa kwenye Rioja haikutoka shambani, ilitoka kwenye mbao za pipa. Weusi na ukakasi wa Ribera del Duero ndivyo vilivyotoka shambani, kwenye ganda nene la zabibu iliyokulia nyanda za juu, mahali ambapo hata usiku wa kiangazi una baridi. Ukishatenganisha kazi ya shamba na kazi ya pipa, Tempranillo inaanza kueleweka. Kwa maoni yangu, hakuna zabibu ya mvinyo mwekundu inayoonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko hii.

Tuanze na zabibu tupu, kabla pipa halijaigusa. Tempranillo changa ina matunda mekundu yaliyoiva: cheri, plamu, stroberi. Nyuma ya matunda hayo kuna kitu kikavu, majani ya tumbaku, na wakati mwingine ile harufu ya jani la mnyanya ukilisugua kwa vidole. Uchachu wake ni wa kadiri, na kwenye joto kali hupungua upesi. Ukakasi upo wa kutosha kuushika ulimi. Harufu yake haijitangazi. Cabernet Sauvignon utaitambua kwa dalili ya pilipili hoho, Muscat utaijua kwa maua yake kabla glasi haijafika puani, lakini Tempranillo haina alama moja ya namna hiyo. Wapo waonjaji wanaouita huo ni upungufu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwa sababu haina sauti kubwa ya kwake, inabeba sauti ya udongo, ya mwinuko, ya mbao na ya miaka. Inavumilia kukaa muda mrefu kwenye pipa bila kupoteza tunda lote, jambo ambalo zabibu nyingi haziliwezi.

Ukitaka kuionja bila pipa kabisa, tafuta mvinyo mchanga wa Rioja Alavesa, ile sehemu ya Rioja iliyo upande wa Wabaski. Wakulima wa huko wana desturi ya zamani ya kutumbukiza vichala vizima kwenye tangi bila kuviponda. Uchachukaji huanza ndani ya punje yenyewe, ganda likiwa bado zima, kisha punje hupasuka. Mvinyo unaopatikana ni wa zambarau inayong'aa, wenye matunda tele na ukakasi mdogo, na hunywewa mapema, miezi michache baada ya mavuno. Bei yake ni ndogo. Hata ukiunywa mara moja tu, utajua daima sehemu ipi ya Rioja ni zabibu na sehemu ipi ni seremala.

Sasa shambani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba Tempranillo ni mtoto wa zabibu mbili za Hispania: Albillo Mayor, ambayo ni nyeupe, na Benedicto, nyeusi ambayo leo karibu imesahaulika. Kwa Tempranillo jambo kubwa kuliko yote ni kwamba inaiva mapema, wiki kadhaa kabla ya Garnacha, zabibu nyingine nyekundu maarufu ya Hispania. Tabia hiyo moja inaeleza kwa nini inapendeza pale inapopendeza, na kwa nini inapwaya kwingine.

Fikiria Ribera del Duero. Ni uwanda wa juu wa Castilla y León, kandokando ya mto Duero, na mashamba yake mengi yako kati ya mita 750 na 900 juu ya usawa wa bahari, mengine yakizidi hapo. Wewe uliyezoea mvinyo wa Dodoma huenda unajua kwamba mizabibu ya kule inaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuilaza. Ribera mzabibu hulala miezi mingi. Baridi hushuka chini sana ya sifuri, na hata mzabibu ukishaamka haujasalimika: mwishoni mwa Aprili 2017 sakitu ya usiku iliunguza machipukizi ya mashamba mengi ya Ribera na Rioja kwa pamoja, na mavuno ya mwaka ule yakapungua sana. Kisha Oktoba baridi inabisha hodi tena. Zabibu inayochelewa kuiva haina nafasi hapo. Tempranillo inayo, kwa sababu inamaliza kazi yake kabla mlango haujafungwa.

Halafu kuna usiku. Mchana wa Agosti joto laweza kupita nyuzi 35, na usiku ule ule likashuka chini ya 15. Mchana jua linatengeneza sukari, na kwenye mwinuko huo jua ni kali, ganda linakuwa nene. Usiku baridi inauzuia mmea kuutumia uchachu wake wote, na rangi ya ganda inajijenga vizuri zaidi. Rangi na sehemu kubwa ya ukakasi vinakaa kwenye ganda na kwenye kokwa. Mchuzi wa zabibu wenyewe, ukiukamua haraka ukautenga na maganda, karibu hauna rangi. Kwa hiyo zabibu yenye ganda nene, ikilowekwa na maganda yake siku nyingi wakati wa kuchachuka, inatoa mvinyo mweusi wenye kukakasa kama ulioupata. Uchachu uliobaki ndio unaouzuia mvinyo huo mzito usichoshe. Mahali penye joto lisilopoa usiku, zabibu hii hii inajaa sukari upesi, uchachu unaisha, na mvinyo unakuwa mlegevu, wenye kilevi kingi na ladha ya jemu. Nimeonja mingi ya namna hiyo, na naelewa kabisa anayeonja huo kwanza akaamua kwamba Tempranillo haimfai.

Ribera kwa jina la leo ni eneo changa. Kiwanda cha Vega Sicilia kilianzishwa mwaka 1864 na Eloy Lecanda, na kwa muda mrefu kilikuwa karibu peke yake kwenye mvinyo wa kiwango cha juu. Wakulima wengi waliozunguka walipeleka zabibu zao kwenye vyama vya ushirika. Mwaka 1972 Alejandro Fernández alianzisha kiwanda chake katika kijiji cha Pesquera de Duero. Alitengeneza mvinyo wa Tempranillo wenye nguvu na tunda la wazi, na dunia ikageuka kutazama. Eneo lilipata hadhi rasmi ya asili, yaani jina lake likalindwa kisheria, mwaka 1982. Miaka kumi na mitatu baadaye Mdenmaki, Peter Sisseck, akavuna kwa mara ya kwanza zabibu za mvinyo wake Pingus kutoka kwenye mizabibu mizee, na bei yake ikafika mahali ambapo mimi na wewe hatutaifuata.

Rioja ni habari nyingine. Iko kaskazini, kandokando ya mto Ebro, na upande wake wa juu imejikinga nyuma ya milima ya Sierra de Cantabria inayozuia sehemu kubwa ya mvua na upepo wa Atlantiki. Hali ya hewa ni ya wastani kuliko ya Ribera, ganda haliwi nene vile, na mvinyo kwa asili ni mwepesi zaidi. Lakini kilichoipa Rioja sura unayoijua ni pipa, na pipa lilikuja kwa njia ya kuvutia.

Zamani mvinyo wa Rioja ulitengenezwa kwa kunywewa upesi, kabla haujaharibika. Luciano Murrieta, mwanajeshi aliyefuatana na Jenerali Espartero uhamishoni London, alikwenda Bordeaux kujifunza namna Wafaransa wanavyokomaza mvinyo kwenye mapipa madogo ya mwaloni, na mwaka 1852 akatoa mvinyo wake wa kwanza wa aina hiyo Logroño. Baada yake alikuja Marqués de Riscal kule Elciego, mwaka 1858. Kisha ukaja msiba wa Ufaransa: mdudu filoksera kutoka Amerika Kaskazini aliyekula mizizi ya mizabibu na kuangamiza mashamba tangu miaka ya 1860. Wafanyabiashara wa Bordeaux walikosa mvinyo wa kuuza, wakavuka milima kuja kuutafuta. Reli ilikuwa tayari imefika mji wa Haro, ikiuunganisha na bandari ya Bilbao, na viwanda vikaota kuizunguka stesheni: López de Heredia mwaka 1877, CVNE mwaka 1879, La Rioja Alta mwaka 1890. Viwanda hivyo vipo hadi leo, mtaa ule ule, na unaweza kutoka kimoja kwenda kingine kwa miguu. Filoksera alipofika Rioja yenyewe mwishoni mwa karne ya 19, ufundi wa mapipa ulikuwa umeshaota mizizi.

Pipa la Rioja lina lita 225, kama la Bordeaux, lakini mbao zake zilitoka ng'ambo ya Atlantiki. Mwaloni wa Marekani ulipatikana kwa bei nafuu, na una sifa moja ya kiufundi: unaweza kuchanwa kwa msumeno bila pipa kuvuja, wakati mwaloni wa Ufaransa hauna budi kupasuliwa kufuata nyuzi zake, na mbao nyingi hupotea. Mwaloni wa Marekani ndio unaotoa vanila na harufu ya nazi, na kama una pua kali, hata bizari fulani ya majani mabichi. Wa Ufaransa huelekea zaidi kwenye karafuu na viungo vya taratibu, na Ribera wameupenda. Siku hizi Rioja wanatumia yote miwili, lakini nyumba za zamani zimeshikilia ule wa Marekani. Hiyo ndiyo vanila yako, dada.

Pipa halifanyi kazi ya kutia harufu tu. Mbao zinapitisha hewa kidogo kidogo. Hewa hiyo inafanya chembe za ukakasi na za rangi zishikane, ziwe kubwa, nyingine zizame chini kama machicha. Ndiyo maana mvinyo unalainika na rangi yake inatoka kwenye zambarau kuelekea tofali. Kwenye nyumba za jadi, kila baada ya miezi kadhaa mvinyo huhamishwa kutoka pipa hadi pipa ili kuyaacha machicha nyuma, na mfanyakazi hutazama mvinyo kwenye mwanga wa mshumaa: mvinyo ukianza kuwa na ukungu wa machicha, anaacha kuuhamisha. Wengine bado wanausafisha kwa ute wa mayai. López de Heredia wanatengeneza mapipa yao wenyewe, na mvinyo wao wa Gran Reserva hukaa humo karibu miaka kumi. Mwisho wa safari hiyo tunda bichi limetoweka, na badala yake kuna cheri kavu, ngozi, tumbaku, majani makavu ya msituni, uyoga, na uchachu safi unaoshikilia yote. Kwangu mimi hiyo ni moja ya ladha bora alizowahi kutengeneza binadamu, na Tempranillo ni kati ya zabibu chache zinazoweza kufika huko bila kuchoka.

Nikiri kwa niaba ya Rioja kwamba Tempranillo mara nyingi haifiki peke yake. Mchanganyiko wa jadi huongezewa Garnacha kwa ajili ya mwili na joto, Mazuelo na Graciano kwa ajili ya uchachu, na Graciano pia kwa manukato. Chupa yako ya Reserva huenda ilikuwa na kidogo cha hizo.

Maneno yaliyo kwenye chupa yanahusu muda. Kwa Rioja nyekundu, Crianza imekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, mmoja kati ya hiyo kwenye pipa. Reserva angalau mitatu, mmoja kwenye pipa. Gran Reserva angalau mitano, miwili kwenye pipa na miwili kwenye chupa. Utazitambua kwa karatasi ndogo ya nyuma: nyekundu kwa Crianza, ya damu ya mzee kwa Reserva, buluu kwa Gran Reserva, na ya kijani kwa mvinyo usiofuata masharti hayo. Ribera wanatumia maneno hayo hayo, na pia utakuta "Roble", yaani mvinyo uliopita kwenye pipa kwa miezi michache tu.

Ujue pia kwamba zabibu hii hubadili jina kila inapohama. Ribera wanaiita Tinto Fino au Tinta del País. Toro ni Tinta de Toro, na huko kwenye udongo wa kichanga ambao filoksera hawezi kupenya bado kuna mizabibu mizee iliyosimama kwenye mizizi yake yenyewe. Mvinyo wake una nguvu kuliko hata wa Ribera. La Mancha na Valdepeñas ni Cencibel, Catalonia ni Ull de Llebre. Ukiufuata mto Duero hadi Ureno, unaitwa Douro, na zabibu inaitwa Tinta Roriz na kuingia kwenye mvinyo mtamu wa Port. Kusini mwa Ureno, Alentejo, ni Aragonez. Ukiona jina lolote kati ya hayo dukani, ni ndugu yule yule.

Kuhusu kuunywa. Mvinyo huu unapendeza kati ya nyuzi 16 na 18. Waliosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba walikuwa na vyumba vya Ulaya, vya mawe. Kwa Arusha wakati wa baridi huna tatizo, lakini ukiupeleka Dar es Salaam au Mombasa, uweke kwenye friji kama nusu saa kabla ya kuufungua, la sivyo utanusa kilevi tu. Ile Ribera yako ilihitaji hewa: ukifungua nyingine, imimine kwenye jagi pana saa moja au mbili kabla ya chakula, na utaona ukakasi unashuka. Rioja ya miaka mingi usiifanyie hivyo. Isimamishe wima siku moja kabla ili machicha yashuke, mimina polepole, na unywe bila kuchelewa.

Chakula chake cha nyumbani ni kondoo. Rioja wanachoma mbavu ndogo za mwanakondoo juu ya makaa ya matawi makavu ya mzabibu yaliyokatwa wakati wa kupogoa. Ribera, hasa mji wa Aranda de Duero, wanaoka mwanakondoo anayenyonya kwenye tanuri la kuni. Mafuta na chumvi ya nyama huufunika ukakasi, ndiyo maana chupa iliyokushinda ukiwa umekaa bila chakula inaweza kukupendeza kabisa mbele ya mbuzi wa kuchoma. Pilau yenye bizari nyembamba inaendana vizuri na Reserva. Pilipili kali iache pembeni, inauchochea moto wa kilevi na ukakasi kwa pamoja.

Sasa Gran Reserva. Neno hilo linakuhakikishia muda, halikuhakikishii utamu wa moyo wako. Nyumba nzuri huitengeneza katika miaka mizuri tu, na mwaka kama 2010 wa Rioja unastahili kutafutwa. Lakini mtu anayependa tunda la wazi atalipa pesa nyingi kwa kitu kilichokwisha kuliacha tunda nyuma. Wewe ulipoandika kuhusu Rioja ulitaja ulaini, ngozi na rangi ya tofali, na hukulalamika. Hiyo ni dalili kwamba itakupendeza. Hata hivyo, kabla ya kuinunua, ningekushauri uchukue Reserva ya nyumba moja ya jadi ya Haro na mvinyo mchanga wa Rioja Alavesa, uvifungue jioni moja, uvionje kwa kupokezana. Ukijikuta unarudi kwenye glasi ya Reserva, toa pesa ya Gran Reserva bila wasiwasi. Ukijikuta unarudi kwenye ile changa, nunua Crianza, na ile Ribera uipe nafasi ya pili ukiwa na nyama mezani.